Udongo wa Kichochoroni

Jioni ile nilitoka kwenda kununua udongo wa kula, na nilitoka kwa hasira.

Mwanamke aliyewahi kubeba mimba atanielewa. Hamu ya udongo haina adabu. Inakuja umeshiba, inakuja umelala, inakuja uko kwenye benchi la kliniki unasubiri kuitwa, na ikishakuja huwezi kuidanganya kwa chungwa wala kwa karanga. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, mdomo umenikauka, na nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kunionea huruma.

Hasira yenyewe ilikuwa ya Khalfani, mume wangu. Mimi ni Mkenya, kwetu Mumias. Tulikutana Kisumu alipokuja kufanya biashara ya vipuri, tukaoana, na mimba ilipofika miezi mitatu akasema turudi kwao Dar es Salaam, duka lake la mtaa wa Gerezani linamwita. Nilikubali kwa sharti moja tu: ikifika miezi saba nirudi kwa mama yangu nikajifungue. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, hata wao watu wa pwani desturi yao ni hiyo hiyo. Khalfani akaapa kwa Mungu. Sasa miezi saba imefika, na mimi bado niko Kariakoo natazama kuta.

"Khalfani, tiketi," nilimwambia mchana wake kwenye simu.

"Kesho, mke wangu. Leo mzigo umeingia, sijakaa tangu asubuhi."

"Jana pia ulisema kesho."

"Naju, acha presha bwana. Utamchosha mtoto."

Akakata. Nilitamani kuitupa ile simu ukutani, ila ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya kumsikia mama.

Halafu kulikuwa na mama yake Khalfani. Bi Waridi hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Alinipikia uji, alinikanda miguu ilipovimba. Lakini kwake kila kitu kilianza na usi. Usikae mlangoni. Usitoke magharibi. Usile cha mtu usiyemjua. Usimtajie mtu mimba ni ya nani. Nikiuliza sababu, jibu ni moja: "Wewe shika tu, mwanangu." Nikikaza sauti anacheka: "Ee, nanyi Wakenya, mnaongea kama mnagombana."

Na mtaani nako jina langu lilikuwa Mkenya. Mkenya hujambo. Mkenya, tumbo limeshuka hilo, utazaa dume. Mkenya, kwenu hamsemi shikamoo? Jina langu la Najma hakuna aliyelijua. Nilichoka. Nasema nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Basi adhana ya magharibi ilipoanza, nikamsubiri Bi Waridi aingie kuswali. Nikajitanda kanga. Nikatoka.

Kariakoo saa hiyo inafungwa. Machinga walikuwa wanakunja maturubai, mikokoteni inapigana vikumbo, milango ya chuma ya maduka inashushwa kwa kelele. Mama anayeuza udongo karibu na soko alikuwa ameshaondoka. Udongo wake sikuupenda hata hivyo. Ulikuwa mkavu, una chumvi, unang'ang'ania kwenye meno. Nikageuka kurudi, machozi ya kijinga yananilenga, nikapita njia ya nyuma kukwepa watu.

Ndipo nikasikia harufu.

Harufu ya mvua... Ile ya matone ya kwanza yanapoangukia ardhi yenye joto. Na mvua haikuwapo. Ilikuwa kiangazi kile ambacho hata mitaro inakauka.

Ilitoka kichochoroni, kati ya ghorofa jipya na ukuta mmoja mkongwe wa udongo na mawe, chokaa imebanduka. Pale chini alikaa mwanamke, mgongo ukutani, kanga imemfunika hadi usoni. Mbele yake kuna ungo. Ndani ya ungo kulikuwa na madonge ya udongo mweusi, mbichi, yanang'aa kwa maji.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Siku hiyo nililikumbuka.

Hakuitikia marahaba.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Mimi?"

"Nakusubiri tangu ulipokuja."

Nikacheka. Nikadhani ni maneno ya biashara, maana Kariakoo kila mteja huambiwa alikuwa anasubiriwa yeye. Nikauliza bei.

"Mwenye mimba simuuzii," alisema. "Kula."

Hapo ndipo msichana aliyelelewa na bibi wa Kiswahili angeshtuka. Mtu mzima asiyeitikia salamu, saa ya magharibi, anakupa bure kitu cha kutia mdomoni! Angeshukuru kwa upole, angerudi kinyumenyume, na huo ungo asingeusogelea tena. Mimi hakuna aliyenifundisha kitu. Mimi niliambiwa nishike tu.

"Huyo wa nani?" akauliza, akielekeza kidevu kwenye tumbo langu.

Nilijua nimekatazwa kusema. Ndiyo sababu nikasema.

"Wa Khalfani. Khalfani wa Bi Waridi."

"Aaa..." Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi wetu huyo. Karibu nyumbani, mwenyeji."

Mwenyeji! Tangu nivuke mpaka hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Neno hilo lilinimaliza nguvu. Akanyoosha mkono na donge kwenye kiganja, nikaona mkono wenyewe umelowa hadi kwenye kiwiko. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja na kupauka, kama ya mtu aliyeshinda anafua.

Nikala.

Ulikuwa wa baridi, laini, unayeyuka wenyewe kwenye ulimi. Na mtoto akaruka. Sisemi teke la kawaida. Alijigeuza mzima mzima tumboni, kwa furaha, nikalazimika kuushika ule ukuta nisianguke. Nilipoinua uso, nyuma yangu kulikuwa kumeshaingia giza, na nilikuwa na udongo hadi kwenye mashavu.

Kesho yake nikarudi. Na keshokutwa. Ikawa ndiyo ada yangu: Bi Waridi akitandika mswala, mimi natandika njia. Khalfani alikuwa akirudi usiku na maneno yale yale ya kesho, nami nilikuwa nimeanza kugombana naye kwa mdomo nusu, maana akili yangu yote ilikuwa kichochoroni. Jambo moja tu lilinitia wasiwasi. Mchana mtoto hakuwa anacheza tena. Analala kimya kutwa nzima, namgusa, namwimbia, hana habari. Anasubiri magharibi. Anasubiri udongo.

Fremu ya duka, mbele ya nyumba yetu, aliipanga Clotilda, mwanamke wa Moshi anayeuza vitenge kwa jumla. Siku moja aliniita nikiwa napita.

"Mkenya, nikuulize kitu, usininunie."

"Uliza."

"Kila jioni nikifunga duka nikazungukia nyuma kuchukua pikipiki, nakuona kule kichochoroni. Huwa unafanya nini?"

"Si nanunua udongo kwa yule bibi."

"Bibi gani?"

"Yule anakaa chini na ungo."

Clotilda aliacha kukunja kitenge.

"Dada... pale huwa uko peke yako. Umeweka uso ukutani. Mimi nilidhani unalia, nikasema nisikuingilie."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akanunue miwani. Lakini nilipofika chumbani nikafunga mlango na kuangalia kucha zangu. Zilikuwa zimevunjika zote za mkono wa kulia, na chini yake kumejaa chokaa.

Nikaogopa. Na kwa kuwa nimeumbwa hivi nilivyo, nikiogopa nakasirika. Nikasema yatosha: mambo ya kungoja mume na mama mkwe yaishie hapa, mtoto wangu atazaliwa kwa mama yangu, nakwenda. Nikakata tiketi mwenyewe kwa simu. Alfajiri, Khalfani bado anakoroma, nikachukua bajaji hadi stendi ya Mbezi, nikapanda basi la Nairobi.

Basi lilipotoka nilihisi kifua kinafunguka. Nikampigia mama.

"Niko njiani, mama. Nakuja."

"Alhamdulillahi! Kitanda chako nimeshatandika. Ukifika Nairobi unipigie, ukifika Kisumu unipigie. Kila mahali unipigie."

Kibaha mtoto aligusa mara moja, polepole. Baada ya hapo, kimya. Nikajiambia amelala. Mlandizi tukapita, kimya. Nikanywa maji baridi, nikala peremende, nikalalia ubavu wa kushoto kama nesi alivyonifundisha. Hakuna. Tumbo likaanza kuwa zito upande mmoja, zito la kufa, kama mzigo usio na mwenyewe. Nikalishika kwa mikono miwili.

Lilikuwa la baridi.

Nilishuka Chalinze napiga kelele. Watu wa basi walinielekeza kwenye zahanati moja ndogo, nikapokelewa na nesi mtu mzima. Alinilaza, akaweka kile kikopo cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena, muda mrefu, uso umekunjamana.

"Mapigo yapo," alisema.

"Asante Mungu..."

"Yapo. Ila sijui nikwambieje, mwanangu. Yako mbali."

"Mbali wapi? Si yuko tumboni?"

"Kama nasikia mtoto wa chumba cha pili," alisema kwa sauti ndogo, akauondoa mkono wake haraka. "Mimi hili siliwezi. Rudi hospitali kubwa, rudi sasa hivi."

Gari la kurudi Dar nililipata alasiri. Kibaha, mtoto akashtuka. Mbezi, akajinyoosha. Kimara akapiga teke. Tulipoingia mjini alikuwa anacheza kwa nguvu hadi nikauma kanga. Na mimi nililia, lakini si kwa shukrani. Nililia kwa hasira. Mtoto ni wangu, tumbo ni langu, nimembeba mimi na kutapika mimi, halafu ruhusa ya kupumua anaipata kwa mtu mwingine!

Nilipaswa kwenda hospitali. Najua. Lakini adhana ya magharibi ilinikuta Kariakoo, na miguu ikanipeleka kichochoroni.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ungo.

Kulikuwa na ukuta tu. Na kwenye ukuta, usawa wa mdomo wangu, palikuwa na shimo lililochimbuliwa, ubichi unachuruzika ndani yake. Kandokando yake kuna michirizi ya vidole. Nikaweka vidole vyangu.

Vikaingia sawasawa.

Nikainama nione vizuri. Pembeni ya shimo palikuwa na alama nyingine, ndogo ndogo, zimejipanga kwa upinde. Za meno.

Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia maji. Mtu anachota, anamwaga. Anachota... anamwaga. Taratibu, kama anayeosha kitu kidogo sana. Nikainua macho kuona ni uani kwa nani, na juu ya ukuta nikaliona tangi la maji jeusi, lenye ufa uliozibwa kwa lami. Tangi hilo nalijua. Ndilo ninaloogea. Jioni zote zile nilikuwa nyuma ya nyumba yetu wenyewe, naila.

Nilizunguka mbele, nikampita Clotilda bila salamu, nikapita ukumbi hadi uani. Bi Waridi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tangi, miguu pekupeku. Hakuwa na kopo wala ndoo. Chini palikuwa pamelowa.

"Umerudi," alisema bila kugeuka. "Nilijua Chalinze hutaivuka."

"Nani alikuwa anamwaga maji hapa?"

"Ulikula, Najma?"

"Mama, nimeuliza nani..."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Na jina la Khalfani ulimtajia?"

"Nilimtajia. Na lako."

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo. Aliposema tena, alinong'ona, na mimi ilibidi nipige magoti nimsikie.

Kabla ya Khalfani alibeba mimba kadhaa, na watoto wote walitoka bila kulia. Katika nyumba hii mtoto asiyelia hapelekwi makaburini. Anazikwa nyumbani, penye ubaridi, karibu na maji, na zamani hapa lilipo tangi palikaa mitungi. Mkunga wa mtaa, Bi Sitara, ndiye aliyewaosha na kuwazika. Aliosha watoto wa mtaa mzima, wazima kwa wafu, mikono yake haikuwahi kukauka. Mimba ya Khalfani ilipoingia, Bi Sitara akamwambia Bi Waridi ale udongo wa pale pale, ili wale waliolala wamjue mwenzao, wasimwite.

"Nikala. Akazaliwa mzima. Bi Sitara alikufa Khalfani anatambaa," alisema. "Lakini kazi, naona hajaacha."

"Na Khalfani anajua?"

"Anachojua ni kwamba akikaa mbali anaugua. Si ulimwona Kisumu?"

Nilimwona. Kikohozi kisichoisha, mbavu zinahesabika, kila daktari anasema hana kitu. Na wiki tuliyofika Dar akaamka anataka chapati. Mimi nilidhani ni chakula cha mama yake.

"Anaogopa safari hiyo, Najma. Na anaona haya kukwambia."

Nikasimama. 

"Miezi yote hii! Usi, usi, usi! Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilitumaini hawatamjua, apite salama. Na ningekuambia, ungekuja kwetu?"

"Nisingekuja! Ndiyo, nisingekuja!"

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Bi Waridi dakika hiyo, na alikuwa analia.

"Sawa," nikasema. "Akishazaliwa. Akishakua kidogo. Nitampeleka kwa mama yangu akamwone, hata wiki mbili. Lini itawezekana?"

"Khalfani ana miaka thelathini na sita," alinijibu.

"Na nikiacha kula leo?"

Aliinua macho juu ya ukuta. Maghorofa yote yaliyotuzunguka yalikuwa yamewasha taa, na hakuna hata dirisha moja lililotazama uani kwetu.

"Baada ya Khalfani nilibeba mimba nyingine," alisema. "Nikasema huyu simlishi uchafu. Nikaenda kwa mama yangu, Bagamoyo. Kwa mama yangu mzazi, kama unavyotaka wewe."

Akanyoosha kidole kwenye kona, penye unyevu kuliko pote.

"Yule pale."

Mtoto akaacha kucheza.

Hakupunguza. Aliacha, palepale, kama mtu anayesikiliza. Nikalishika tumbo, nikalitikisa, nikamwita kwa majina ambayo nilikuwa sijamwambia mtu. Ubaridi ukaanza tena chini ya kitovu, unapanda. Na nyuma ya mlango wa bafu, uliofungwa kwa komeo la nje, mtu akachota maji.

Akamwaga.

Khalfani alikuwa hajarudi; tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na Bi Waridi, na Bi Waridi alikuwa mbele yangu. Alipiga magoti pale konani. Akakwangua kwa vidole, akafinyanga donge dogo, akaniletea kwenye kiganja chake kwa heshima, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Kula, mwanangu," alisema. "Usimfikirie nani. Mfikirie yeye tu."

Nilimfikiria. Mungu ananijua, sikufikiria kingine.

Simu ikaanza kuita ndani ya mkoba. Kwa mlio niliouweka mwenyewe nikajua ni mama, anataka kujua nimefika wapi, kama Nairobi iko karibu, kama mtoto hajambo. Ikaita hadi ikakatika. Ikaita tena.

Tumboni mtoto aliruka kwa furaha. Simu sikuipokea. Mdomo ulikuwa umejaa.